Ile asilimia 69 ya amplifaya yako

Dodoma,
14 Julai

Kaka Hamisi,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ila kipupwe cha mwaka huu kinaingia hadi mifupani.

Barua yako kuhusu ufanisi wa amplifaya yako ya kurushia mawimbi ya redio nimeisoma mara mbili. Volti 48 kwa ampea 9, wati 432 zinaingia. Mita inasoma 300 zikitoka. Ufanisi asilimia 69. Hesabu iko sawa. Ninachokihofia ni hiyo 300. Mita zetu ni za wati 1,000, na kosa lake ni asilimia 5 ya kipimo chote, si ya unachokisoma. Yaani wati 50 juu au chini. Kwa hiyo ufanisi wako uko popote kati ya 58 na 81, na kwa pengo hilo huwezi kuchagua feni ya kupoza kibanda ilimo.

Kwa kuwa amplifaya zetu ni pacha, nimeipima yangu. Niliitoa kwenye antena nikaifunga kwenye dami, ule mzigo wa majaribio unaogeuza nguvu yote kuwa joto, ya omu 50 iliyozama kwenye mafuta, alfajiri, kabla jua halijapiga bati. Dakika 20 mita ikisoma 300, nikaandika joto la mafuta. Kesho yake, mafuta yakiwa na ubaridi uleule, dami hiyohiyo nikaipa umeme wa ukutani kupitia variaki, transfoma ya kupandisha na kushusha volti, maana volti za umeme huo nazipima bila wasiwasi. Nilirudia alfajiri tatu ndipo nikapata volti zinazoleta joto lilelile: 116. Zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa 50. Wati 269, kaka, si 300!

Hiyo ni asilimia 62. Tena eksaita, kifaa kinachoilisha amplifaya mawimbi, inaingiza wati 15 ambazo amplifaya haikuzitengeneza. Ukizitoa, unabaki na 59. Joto la kuondolewa si wati 147 ulizoandika, ni 178 (432 na 15, toa 269), ndani ya kibanda cha bati, Kondoa, mwezi wa Oktoba. Ile feni ndogo usiinunue.

Volti zako pia zipime upya pale waya unapofungwa kwenye amplifaya yenyewe, si kwenye pawa saplai, kwa sababu waya unakula kidogo.

Variaki nitaituma kwa basi la Ijumaa. Nakusihi, ukiifunga kwenye dami, chomoa plagi kabla hujagusa chochote. Hata gamba la nje linaweza kuwa na umeme.

Wako,
Yohana