Vipaji vya mbio fupi vikuzwe shuleni

Mhariri,

Ferdinand Omanyala, aliyeweka rekodi ya Afrika ya mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mnamo Septemba 18, 2021, alicheza raga kabla ya kugeukia riadha, na alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Inaniuma kufikiria vipaji vingapi kama chake hupotea kwa sababu shule zetu nyingi bado huchora njia za mbio kwa chokaa kwenye nyasi, na mwanafunzi hufika mashindano ya kaunti bila kuwahi kukanyaga vibao vya kuanzia mbio. Wizara ya Elimu ivinunue vibao hivyo, navyo vyuo vikuu viwape ufadhili vijana wanaoshinda.

Mwalimu wa michezo,
Kakamega