Muulize mjomba wako

Rafiki yangu Rehema,

Salamu sana. Barua yako nimeipata, na nilicheka uliponiita nabii wa balaa. Unauliza bahari yenye maji yote yale itaishiwaje samaki. Mwenzio Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alisimama mwaka 1883 akasema chewa wa bahari baridi (Waingereza humwita cod) hawamaliziki. Kwa zana za siku zile, huenda alikuwa na haki.

Ila Julai 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa pwani ya Newfoundland. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi, wavuvi pamoja na waliokuwa wakipaa na kukata samaki viwandani. Kilichoninyima usingizi si hesabu hiyo. Ni kwamba meli kubwa zilirudi na shehena nzito hadi karibu na mwisho! Chewa waliosalia walijikusanya mahali pamoja, na vyombo vya kusaka samaki kwa mawimbi ya sauti vikawafuata huko huko. Nyavu zinajaa, watu wanashukuru, kumbe ndio wa mwisho mwisho. Serikali ilisema marufuku ni ya miaka miwili. Iliondolewa 2024. Vijana wengi hawakusubiri. Walifunga mizigo wakahama, vijiji vikabaki na wazee.

Unasema tutafuga. Sawa, ufugaji unasaidia, lakini samaki wala nyama kama salmoni hulishwa unga na mafuta ya samaki wadogo wa baharini, wale wale ambao mtu asiye na kitu angewamudu. (Hilo huwa halitajwi kwenye matangazo.) Na bahari yenyewe inaelemewa: FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini huvuliwa kupita uwezo wao wa kuzaliana.

Mbona basi hatushtuki? Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, alilieleza hili mwaka 1995: watu wa kila kizazi hudhani bahari waliyoikuta wao ndiyo bahari kamili. Babu alivua samaki wa pima, baba akavua wa dhiraa, mwana anashangilia wa shubiri, na kila mmoja anasema kweli.

Uliwahi kuniambia mjomba wako alikuwa mvuvi. Muulize samaki mkubwa wa ujana wake alikuwa na urefu gani. Asikutajie namba, akuoneshe kwa mikono. Kisha niandikie.

Wako,
Zuhura