Mhariri, pango sio maficho ya wezi tu

Mhariri naomba kanafasi kwenye ukurasa wako maana hili neno pango mnavyolitumia limenichosha. Kila majambazi wakikamatwa kichwa cha habari ni "pango la wezi lavamiwa", ukisoma ndani unakuta ni chumba cha kupanga, kina kitanda na masufuria mawili. Labda mlimaanisha kodi ya pango, hiyo sawa wote tunaijua mwisho wa mwezi, lakini pango lenyewe liko wapi hapo? Andikeni maficho. Najua watu wa Biblia watanijibu kwamba pango la wanyang'anyi limo kwenye Mathayo, sibishi, ila pale lilisemwa hekalu, ni fumbo, sio taarifa ya polisi.

Ningenyamaza kama ingekuwa ni lugha tu. Tatizo mtu akishazoea kwamba pango ni kijichumba cha kujificha, siku akifika kwenye pango lenyewe anaingia na ndala na tochi ya simu yenye chaji asilimia kumi. Neno ni hilohilo kwa mwamba uliobonyea ambao mbuzi wanajikinga mvua, na hilohilo kwa Mammoth Cave ya Marekani ambako njia zilizopimwa zinapita kilomita 600, au Son Doong kule Vietnam, kuna sehemu dari liko karibu mita 200 juu yako!

Halafu watu hawajui kwamba mengi ya haya makubwa yamechimbwa na maji. Mvua inaponyesha inabeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya kwenye udongo inakuwa tindikali hafifu, inajipenyeza kwenye nyufa za mawe ya chokaa inayayeyusha taratibu kwa maelfu na maelfu ya miaka mpaka panakuwa ukumbi. Sasa njia iliyochongwa na maji, mvua ikija tena maji yatapita wapi kama sio hapohapo uliposimama unapiga selfi, na mvua yenyewe si lazima inyeshe juu yako, inanyesha mlimani huko wewe nje umeacha jua kali. Wale vijana 12 wa mpira na kocha wao Thailand waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni 2018, maji yakawafungia njia, wa mwisho wametolewa 10 Julai, na mzamiaji Saman Gunan alikufa humo akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Kwa hiyo mvua ikiwepo usiingie, ukiingia mwache mtu nje anayejua unarudi saa ngapi, na tochi ziwe zaidi ya moja.

Na mikono jamani! Yale mawe yanayoning'inia kama mishumaa yanakua kwa tone la maji, mwaka mzima hata milimita moja hayafiki, mafuta ya vidole vyako yakigusa pale tone linashindwa kushika. Hata pumzi tu inaharibu, pango la Lascaux Ufaransa lenye michoro ya kale lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 sababu ya pumzi na joto la watu kuotesha mwani wa kijani ukutani.

Mkitaka stori ya pango ipo hapa hapa kwetu, Panga ya Saidi, Kilifi. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kaburi la mtoto wa kama miaka mitatu, kazikwa humo miaka 78,000 hivi iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kilivyolala inaonekana walimwekea kitu kama mto. Wakampa jina Mtoto. Tumeni mwandishi mmoja huko badala ya kukesha kituo cha polisi, na mwambieni asiende na ndala.

Msomaji wenu wa kila siku