Kaka Masudi, hizo kulabu usizilipie kwanza

Mwanga, Kigoma

Kaka Masudi,

Mambo vipi huko Tabora, maembe yameshaanza au bado? Meseji yako niliipata juzi usiku nimetoka saiti nimechoka hoi, nikaisoma nikacheka, nikasema huyu jamaa kapewa funguo za stoo wiki mbili tu keshaanza kuumiza kichwa na vitu vya kuning'inia mfukoni. Af nikakaa nikafikiria nikaona hapana bana, mi mwenyewe nina kovu begani la hicho hicho kitu, kwahiyo nimeamua nikuandikie kabisa, maana nikikurekodia sauti utasikiliza nusu, nakujua.

Umesema bosi kakupa hela ya kulabu za springi, zile unabonyeza kiulimi kinaingia ndani ukiachia kinajifunga chenyewe, na pale hadiwea umekuta za bei chee na za bei mbaya na kwa macho yako zote ni zilezile. Ndo shida ilipo hapo. Zinafanana mno. Ile ya kufungia turubai na ile ya kumshika mtu asidondoke ukiziweka mezani mtu asiyejua atachagua inayong'aa. Umeniuliza ipi imara, mi nakurudishia swali, itashika nini?

Ngoja nikupe ya kwangu. Mwaka jana tulikuwa na kajengo ka ghorofa moja huku kwetu, saiti ya nani nakaa kimya. Udongo tunaupandisha kwa kapi na kamba, na kwenye ncha ya kamba kuna mtu katia kulabu ndogo ya springi ili asihangaike kufunga na kufungua fundo kila ndoo. Wazo zuri kabisa, hata mi nilimsifia. Ndoo ya lita 20 ukiijaza udongo wa saruji inakaribia kilo 40, na ile kulabu ilibeba asubuhi nzima haikulalamika. Mchana ndoo ikafika juu ikagusa mbao za jukwaa, kamba ikalegea kidogo, ikajisokota, mpini wa ndoo ule wa waya ukapanda ukalala juu ya kiulimi kwa nje. Jamaa wa chini akavuta tena. Mpini ukasukuma kiulimi ndani kama unavyosukuma wewe na dole gumba, ukatoka. Mi nilikuwa nimeinama nachota mchanga. Ndoo ilinipitia begani, ingekuwa nusu hatua mbele saivi ungekuwa unamwandikia mke wangu.

Sasa tulivyoangalia juu tukaona kulabu inaning'inia kwenye kamba nzima, haijapinda, haijakatika, imejifunga vizuri kabisa kama vile haijafanya kitu. Yaani uimara wake haukuwa na neno, kilichoniumiza ni kiulimi kisicho na kufuli. Ndo maana mtu akikwambia hii kaka inabeba kilo kadhaa usikimbilie kulipa, kubeba ni habari moja na kutofunguka ni habari nyingine.

Kwahiyo kulabu nyepesi za kiulimi cha wazi kazi zake ni za kawaida tu: kushikia turubai juu ya saruji, kuning'iniza mpira wa maji na nyaya za umeme zisikanyagwe, kufunga mnyororo wa kuzuia watu wasipite, kushikia vibao, na kufungia vifaa vidogo vidogo visidondoke, koleo, pimamaji, bisibisi. Kupandisha mzigo hapana, hata ndoo. Kufunga mtu ndo hapana kubwa kabisa. Unajua wenzetu Marekani nao wana OSHA yao, wale wa serikali wanaosimamia usalama kazini, jina kama la hii yetu, wao kuanzia tarehe 1 Januari 1998 kulabu isiyo na kufuli hairuhusiwi kwenye mfumo wa kumzuia mtu anayeanguka, lazima iwe ya kujifunga yenye vitendo viwili ndo ifunguke, na iwe na nguvu ya kama kilo 2,270 kabla haijakatika. Linganisha na hicho kidude cha mfukoni. Belti ya usalama inakuja na kulabu zake kutoka kiwandani, ikiharibika moja usichomoe ukapachika ya kwako, peleka belti nzima kwa bosi, na asianze kukukatia mshahara maana kwa sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2003 vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri.

Haya, ya vifaa hapo ndo pana ujanja kidogo. Watu wanasema nyundo ya kilo 2 bana, kulabu yoyote itaishika. Ikiwa imetulia sawa. Ila ikidondoka mita 1 halafu kamba ngumu isiyovutika ikaisimamisha ndani ya sentimita 2, mvuto unaofika kwenye kulabu ni kama kilo 100, piga hesabu mwenyewe, mara 50 ya uzito wake. Kwahiyo kamba ya kifaa iwe fupi na iwe ya kunyumbulika. Na kitu kikizidi kama kilo 2 hivi usikifunge kiunoni kwa mtu, kifunge kwenye jengo lenyewe, maana kikidondoka kitamvuta na yeye. Af kisipofungwa kabisa? Hata kanyundo ka kilo 1 kakitoka mita 10 kanafika chini na spidi ya kilomita 50 kwa saa, nyie hapo na helmeti zenu zilizopasuka.

Ukifika dukani sasa. Igeuze usome shingoni, kulabu ya maana imegongwa namba kwenye chuma chenyewe, sio stika. Ukiona WLL huo ndo mzigo wa kufanyia kazi, kaa chini yake. Ukiona kN, yaani kilonyutoni, kipimo cha nguvu, 1 ni kama kilo 100, ila uliza, maana mara nyingi hiyo ni nguvu ya kukatikia, sio ya kufanyia kazi. Muuzaji akikwambia inabeba kilo 400 muulize inabeba au inakatikia hapo, kama inakatikia na we unataka kuwa salama mara tano basi kwako hiyo ni ya kilo 80 basi. Isiyo na maandishi yoyote mi naichukulia ni ya funguo za nyumba.

Nyingine, nenda na sumaku, ya spika mbovu ya redio inatosha. Zile zinazong'aa sana za bei chee nyingi ni zinki ya kumimina kwenye kalibu, sumaku haizishiki, na ubaya wake zinavunjika ghafla kama biskuti, chuma angalau kinapinda kwanza ukakiona. Ila usije ukamtukana muuzaji bure, stenlesi nzuri nayo mara nyingi sumaku haiishiki, hapo ndo uangalie uzito mkononi na maandishi. Na stenlesi ya bei ya baharini usijitese nayo, hata sisi huku ziwa letu maji baridi, chuma kilichopakwa zinki kinatosha. Adui yako mkubwa ni saruji mbichi, inakula ile zinki af ikikauka kwenye springi kiulimi kinabaki nusu wazi. Jioni zioshwe na maji, tone la oili kwenye kipini kinachoshikilia kiulimi, basi.

Saizi nayo watu wanakosea. Wanachukua kulabu kubwa wanaitia kwenye kipete kidogo, hapo ndo kipete kinapata nafasi ya kujigeuza na kupanda juu ya kiulimi kama ule mpini wangu. Kipete kikae chini kwenye tumbo la kulabu kizunguke bila kugusa kiulimi. Usiunganishe kulabu kwa kulabu, usitie vitu viwili kwenye moja, na usiilaze kwenye kona ya ukuta au nondo ikavutwa kwa ubavu, kulabu imetengenezwa ivutwe kwa urefu wake tu. Chukua zenye shingo inayozunguka kwa ajili ya vifaa, kamba haijisokoti.

Stoo kwako fanya hivi, nyepesi zote zipige rangi nyekundu shingoni uziweke kwenye ndoo yake mbali na belti. Na kila asubuhi ukigawa bonyeza kiulimi mara mbili tatu, kikichelewa kurudi au kikikaa pembeni, au ukiona ufa, au mdomo umepanuka, hiyo imekufa. Asije mtu akakwambia ataichomelea, ukiipasha moto umeiua mara ya pili. Na usiitupe nzima kwenye takataka bana! Sisi tulitupa ile yetu, kesho yake nikamkuta saidia fundi kaiokota kafungia kidumu chake cha maji juu ya jukwaa. Ikate na grainda vipande viwili.

Bosi atasema unamtia gharama. Mwambie anunue chache za maana, na ndoo zipandishwe kwa kulabu ya kunyanyulia yenye kufuli, au kama hana hela kamba ifungwe fundo kama zamani, inachosha lakini haijifungui.

Huku tuko salama, bega linauma mvua ikinyesha tu. Shemeji yako kakufungia migebuka na mawese kidogo, vitakuja na jamaa wa treni wiki hii, ukachukue stesheni mapema usingoje kupigiwa simu mara tatu. Na kabla hujalipa nitumie picha ya hiyo shingo ya kulabu, upande wenye maandishi, karibu kabisa nisome.

Ni mimi,
Juma wa Mwanga