Binti yangu asiwe wa mwisho kucheka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye vituo vya runinga, na pia na wazazi wenzangu wenye watoto viziwi, kuhusu filamu za kuchekesha za zamani zisizo na sauti.

Binti yangu ana miaka 12. Aliacha kusikia akiwa mdogo, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Nyumbani tunaongea naye kwa lugha ya alama, kila mmoja kwa kadiri alivyojifunza. Kaka zake wamenipita mbali. Lakini jioni tukikaa mbele ya runinga, mazungumzo hayo hukatika. Vichekesho vyetu vingi ni vya mdomo: huyu kakaa kwenye kochi anatupa neno, yule analidaka, nyumba nzima inaangua kicheko. Binti yangu hucheka wa mwisho. Hututazama nyuso kwanza, akiona tunacheka ndipo naye anacheka. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi na halijaacha kuniuma.

Mwezi uliopita mdogo wangu alituletea flashi yenye filamu za kuchekesha za zamani, za kabla ya sinema kuingia sauti. Watu huziita filamu bubu. Neno hilo silipendi, maana nimelisikia likitupiwa mwanangu njiani. Tulianza na ya mchekeshaji Mmarekani Buster Keaton ya mwaka 1928, Steamboat Bill, Jr. Dhoruba inabomoa mji. Keaton kasimama mbele ya nyumba, hana habari, na ukuta wote wa mbele unang'oka na kumwangukia. Amesimama pale pale linapotua dirisha la juu, kwa hiyo ukuta unampita kila upande na yeye anabaki wima. Haikuwa hila ya kamera. Ukuta ulikuwa mzito kweli, na angekosea mahali pa kusimama ungemuua. Binti yangu alipiga ukelele akashika kichwa, kisha akacheka, na alicheka kabla yetu sote. Kaka zake ndio waliogeuka kumtazama yeye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za filamu hizi, na nimekuta viziwi wamo ndani yake tangu zamani. Granville Redmond, mchoraji kiziwi wa California, alikuwa rafiki wa Charlie Chaplin. Chaplin alimpa chumba cha kuchorea ndani ya studio yake na kumwigizisha katika filamu kadhaa. Katika City Lights ya 1931 ndiye mchongaji wa ile sanamu inayozinduliwa mwanzoni. Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Cuba, aliigiza vichekesho vifupi miaka ya 1920 kwa jina la Tommy Albert. Siku zile kiziwi alikata tiketi, akasoma kadi za maneno zinazotokea katikati ya picha, akacheka wakati ule ule na jirani yake wa kiti. Sauti ilipoanza kushika kasi kuanzia 1927, kadi zikaondolewa, na viziwi wakaachwa nje. Romero mwenyewe alikosa kazi ya uigizaji. Mwaka 1947 alichukua filamu zenye sauti, akakata mkanda na kupachika humo kadi za maneno kwa mkono wake, kisha akaziazimisha kwa viziwi wenzake. Habari hiyo nilimsimulia binti yangu usiku mmoja, akaniomba niirudie.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilionyesha The Gold Rush ya Chaplin asubuhi ya sikukuu. Nilimwita binti yangu mbio. Kumbe lilikuwa toleo la 1942, ambalo Chaplin aliliondolea kadi na kulitia sauti yake akisimulia. Kituo nacho kikaongeza mtu wa kuitafsiri sauti hiyo, na chini kikapitisha ukanda wa matangazo. Mnakumbuka pale Chaplin na mwenzake wana njaa na wanakula kiatu kilichochemshwa, anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku? Mikono na sahani ndiyo kichekesho chenyewe, na ndipo hapo ukanda ulipokatiza. Toleo la 1925, lenye kadi, lipo. Ningeomba lionyeshwe hilo.

Na kuna suala la mwendo. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, na mara nyingi zilichukua picha chache kuliko 24 kwa sekunde zinazotumika kwa filamu zenye sauti. Ni kweli wachekeshaji wenyewe walipenda kuchangamsha mwendo kidogo. Lakini vipande tunavyotumiana kwenye WhatsApp vimekimbizwa hadi watu wanaonekana kama kuku waliofukuzwa jikoni. Mtoto anayetegemea uso na mikono ili aelewe, ukimkimbizia uso umemnyima kila kitu.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, ningesema aanze na One Week ya Keaton, ya 1920. Ni ya dakika 20 hivi. Bwana na bibi arusi wanapewa nyumba iliyokuja vipande vipande kwenye masanduku yenye namba, na mtu mwenye wivu anabadilisha namba hizo. Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi ataielewa. Safety Last! ya Harold Lloyd, ya 1923, ina kadi nyingi zaidi mwanzoni, kwa hiyo kaa karibu na mwanao umfasirie. Lloyd anapanda ghorofa kwa nje hadi kuning'inia kwenye mshale wa saa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepoteza vidole viwili katika mlipuko wa mwaka 1919. Alivaa glavu ya kuficha pengo. Binti yangu alipojua hilo tulirudisha nyuma mara tatu autazame mkono.

City Lights ni nzuri mno, ila ingawa haina mazungumzo ina milio, na kuna mahali Chaplin anameza filimbi na kila kwikwi inalia. Hapo ilibidi nisimamishe, nimwekee mkono kooni pangu nimwonyeshe. Big Business ya Laurel na Hardy, ya 1929, haikuhitaji msaada wowote: wauza miti ya Krismasi wawili wanabomoa nyumba ya mteja huku mteja akibomoa gari lao. Hiyo ndiyo anayoitaka kila Jumamosi.

Gharama isiwe kisingizio. Nchini Marekani, haki za filamu zilizotoka kabla ya 1929 zimekwisha muda wake. Kadi za One Week ni chache, na kuziandika kwa Kiswahili ni kazi ya alasiri moja. Mimi niko tayari kuifanya bila malipo, na kaka zake watanisaidia. Ninachoomba kwa kituo chochote ni nusu saa kwa juma, jioni kabla ya taarifa ya habari, mwendo wake usiguswe na chini ya picha pasipite tangazo.

Mama wa mtoto kiziwi,
Morogoro