Njia ya kulia si ya kukaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na madereva wenzangu wanaotumia Barabara ya Morogoro, hasa kipande cha kutoka Kibaha hadi Kimara, ambacho mimi hukipita karibu kila siku. Kipande hicho cha kilomita 19.2 kilikuwa na njia mbili tu, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, mpaka serikali ilipoanza kukipanua mwaka 2018 ili kiwe na njia nane. Sisi tulioshinda kwenye foleni ya Mbezi miaka ile, injini zikichemka na abiria wakishuka ili waendelee kwa miguu, tunaijua thamani ya barabara tuliyopewa. Kinachonisikitisha ni kuona kwamba wengi wetu tunaitumia kana kwamba bado ina njia moja.

Nchini kwetu tunaendesha kushoto. Kwa barabara yenye njia kadhaa zinazoelekea upande mmoja, maana yake ni kwamba mahali pa gari pa kukaa ni kushoto, na njia ya kulia ni ya kumpita aliye mbele kisha kurudi. Lakini ingia barabarani saa kumi na mbili asubuhi ujionee: gari dogo limeng'ang'ania njia ya kulia kabisa tangu Kiluvya, linakwenda kilomita 50 kwa saa, kushoto kwake ni kweupe, dereva ana simu sikioni, na nyuma yake magari zaidi ya kumi yamejipanga kama msafara wa harusi. Ukimwashia taa anahesabu kwamba umemtukana, na ukimpigia honi ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Wapo wanaojitetea kwamba wanakwenda mwendo wa halali, hivyo hawaoni sababu ya kumpisha anayetaka kuvunja sheria. Nawajibu kwa heshima kwamba kazi ya kumkamata mwenye mwendo kasi ni ya trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, na raia akijipa kazi hiyo kwa kuziba njia, anayeumia mara nyingi si yeye wala huyo mwenye haraka.

Mwezi uliopita, karibu na Kibamba, nilikuwa wa nne nyuma ya gari la namna hiyo. Basi la mkoani lililokuwa nyuma yangu likachoka kusubiri, likatoka na kupita kushoto kwa kasi. Mbele yetu, upande huohuo, bodaboda aliyembeba mwanafunzi wa kike alikuwa anaingia barabarani kutoka kituoni. Alikuwa ameshageuka na kutazama nyuma, akaona njia iko tupu, kwa kuwa hakuna anayetarajia basi lichomoke ghafla kutoka kwenye mstari wa kulia. Dereva wa basi alishika breki mpaka tairi zikalia, bodaboda akakimbilia kwenye kokoto, pikipiki ikalala. Namshukuru Mungu kwamba hawakupata zaidi ya michubuko. Yule binti aliinuka, akajipangusa sketi, kisha akabaki amesimama akikitazama kiatu chake kimoja cheusi kilichobaki katikati ya lami, magari yakikipita huku na huku, mpaka konda wa daladala alipokwenda kumwokotea. Gari lililoanzisha yote lilikuwa limeshafika mbali, kulia vilevile, na sidhani kama dereva wake alijua kwamba kuna jambo limetokea.

Hiyo ndiyo hatari ninayotaka ieleweke. Kushoto ndiko daladala zinakosimama, ndiko bodaboda wanakoingilia, ndiko mama mwenye ndoo kichwani anakosubiri kuvuka. Anayekaa kulia bila sababu anawasukuma wenye haraka waende kupitia kwa watu hao.

Najua kwa nini wengi wanaikimbia njia ya kushoto, na sitawalaumu kwa yote. Daladala hurudi barabarani bila indiketa, na lori likiharibika huachwa hapohapo, likiwa limetandikiwa matawi ya miti nyuma badala ya pembetatu. Dereva anayekutana na kizuizi cha namna hiyo ana haki ya kuhamia kulia. Ninachoomba ni kwamba akishakipita, atazame kioo, awashe indiketa na kurudi kushoto.

Na sisi wa malori hatuna usafi wa kujivunia. Nimeendesha lori lenye tela kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 11, nami nimelifanya kosa ninalolisema. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa likitaka kulipita lenzake linalokwenda 58, linahitaji kusogea kama mita 60 zaidi ya mwenzake kabla halijaweza kurudi kwa usalama. Kwa tofauti hiyo ya kilomita 2 tu, kazi hiyo inachukua karibu dakika mbili, na malori hayo mawili yatakuwa yameziba njia mbili sambamba kwa karibu kilomita mbili nzima. Kama huwezi kumpita mwenzako upesi, kaa nyuma yake. Na wewe unayepitwa, ondoa mguu kwenye mafuta kwa sekunde chache. Mzigo wako hautachelewa kufika.

Nasema hivyo kwa kuwa ustaarabu huo tunao. Kwenye mlima wa Kitonga, lori lililolemewa na mzigo likipanda kwa gia ya chini, dereva wake anayeiona kona ya mbele humwashia indiketa ya kushoto aliye nyuma kumwambia kwamba njia ni nyeupe, au ya kulia kumwambia asubiri, na aliyepishwa hushukuru kwa honi fupi. Hatukufundishwa hayo darasani, tulirithishana barabarani. Sielewi kwa nini adabu hiyo inatuishia tukifika mahali penye nafasi ya kutosha.

Wenye haraka nao wapige hesabu. Kutoka Kibaha hadi Kimara kwa kilomita 80 kwa saa, barabara ikiwa wazi, ni dakika zisizozidi 15. Kwa kilomita 100 ni kama dakika 12. Kwa ajili ya dakika tatu hizo mtu anachomekea, anawasha taa kali na kumkaribia mwenzake mpaka namba za gari hazisomeki kwenye kioo.

Naiomba TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, iweke mabango makubwa yanayomkumbusha dereva akae kushoto na aitumie kulia kwa kupita tu. Naliomba Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kila wanapotupima kwa tochi na kukagua stika zetu, wamwelekeze pia dereva anayeziba njia ya kulia, na akirudia wamwandikie. Vyuo vya udereva navyo visiishie kumpeleka mwanafunzi kwenye viwanja na barabara za mitaani. Mleteni asubuhi moja katika barabara hii, aiendeshe yote kutoka Kibaha hadi Kimara, na mwalimu amhesabie ni mara ngapi ameingia kulia na ni mara ngapi amekumbuka kurudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva mstaafu wa malori,
Kibaha, Pwani.