MINT: Kuvunjwa kwa kazi yangu juu ya kaunta yenu ya Nairobi

Kwa Meneja Mkuu,

Nakusalimu kwanza, maana ndivyo nilivyolelewa. Baada ya salamu, nataka ujue kwamba Jumamosi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, msimamizi wa ofisi yenu ya vifurushi Nairobi alichukua kitu nilichokitengeneza kwa wiki saba, bunduki ya plastiki ya kuigizia, akakipiga kwenye ukingo wa kaunta mara tatu mpaka kikavunjika, mimi na mpwa wangu tumesimama mbele yake. Nimekaa siku nne nikingoja hasira ishuke kabla ya kuandika. Haijashuka.

Masharti yenu ya kupokea mizigo unayajua kuliko mimi, sitayanakili hapa. Niliyafuata yote. Alhamisi, katika ofisi yenu ya Mombasa, nilifungua boksi kwa mikono yangu, nikamwonyesha karani kilichomo. Akakishika, akakigeuza, akaniuliza nimekipaka rangi vipi. Akaandika kwenye stakabadhi kwa kalamu yake: "pambo la plastiki, si silaha." Akaweka boksi kwenye mzani, kilo 1.1 na vifungashio vyake vyote, akagonga muhuri. Nilibandika na picha mbili juu ya boksi, moja ikionyesha bomba la plastiki la mwili wake likiwa bado tupu. Nakala ya stakabadhi imeambatishwa.

Hiyo kilo 1.1 naomba uikumbuke.

Nilichotuma ni mfano wa blasta ya E-11, bunduki ya kubuni inayobebwa na askari wa mavazi meupe katika filamu za Star Wars. Filamu ya kwanza ilipotengenezwa, ile iliyotoka 1977, mafundi walichukua bunduki halisi ya Kiingereza iitwayo Sterling, wakafupisha magazini yake ya risasi, wakapachika juu yake darubini ya kifaru cha vita, wakabandika vipande vya plastiki kwenye matundu ya mtutu. Kwa hiyo yeyote anayezijua bunduki ataiona Sterling ndani ya blasta hiyo, nami nililijua hilo kabla ya kukata bomba la kwanza. Ndiyo sababu nilijieleza mapema kwa mtu wenu, naye akaandika. Ndiyo sababu hata ncha ya mtutu niliipaka rangi ya machungwa, kama sheria ya Marekani inavyotaka kwa bunduki za kuchezea, ingawa hakuna aliyenidai hivyo hapa. Na ndiyo sababu sikupanda nayo treni, ambako mizigo hupitishwa kwenye mashine na mbwa hunusa mabegi. Niliona heri niwape watu wenye leseni na uzoefu. Nikawapa ninyi.

Sterling tupu, bila risasi, ina uzito wa kilo 2.7. Yangu ilikuwa na gramu 640. Mzani uko pale pale kwenye kaunta ya Nairobi, hatua moja kutoka kwenye mkono wa msimamizi wenu. Hakuugusa.

Nitaeleza lilivyokuwa. Nilifika na mpwa wangu, msichana wa miaka 15, aliyekuwa tayari amevaa deraya yake ya povu gumu kama sponji aliyoishona na kuibandika mwenyewe, kwa sababu mashindano ya kosplei, yaani ya kuvaa kama wahusika wa filamu, yalikuwa saa nane mchana. Nikatoa stakabadhi na kitambulisho. Kijana wa kaunta akaleta boksi likiwa limeshapasuliwa kwa kisu, tena upande ambao nilikuwa nimeandika USIFUNGUE HAPA. Akaitoa blasta, akaiinua juu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwenye bunduki ni huyu." Watu waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyuma. Mama mmoja alimkumbatia mtoto wake akatoka nje mbio. Nikainua mikono yangu miwili. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikainua mikono katika ofisi niliyoilipia shilingi 850. Msimamizi akaja, akaichukua, akasema tutajua sasa hivi kama ni plastiki. Akaipiga.

Darubini peke yake ilinichukua siku tisa. Ilitoka kwenye printa ya 3D ya rafiki yangu ikiwa na mistari mwilini kama kucha inavyokwaruza sabuni, nikaipaka filla ya kuziba mistari, nikaipiga msasa namba 120, wa 220, wa 400, kisha wa 600 na maji. Asiyewahi kushika msasa atadhani ni kupoteza muda. Ukiruka namba moja tu, mikwaruzo unaiona baada ya rangi kukauka, na hapo ni kuanza upya. Mwili ni bomba la PVC la inchi moja na nusu. Matundu yote nimeyatoboa moja moja, baada ya kulizungushia bomba karatasi yenye vipimo ili safu zisipinde. Kitako ni povu gumu la EVA lililopashwa moto mpaka vitundu vikajifunga, halafu tabaka nne za gundi nyeupe. Kisha praima, kisha rangi ya fedha, kisha nyeusi isiyong'aa, na mwisho nikasugua kingo taratibu mpaka fedha ikachungulia, ionekane imebebwa miaka. Ninaishi Kongowea. Hewa yetu ina unyevu, na spreyi ukiipuliza kwenye unyevu hufanya ukungu mweupe juu ya rangi. Nilikuwa napuliza saa sita hadi saa tisa mchana tu, siku za jua kali, na siku ya mawingu naiacha. Hesabu wiki saba hizo.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo panaponikosesha usingizi. Pigo la kwanza lilichubua rangi. Nikamwambia, bwana, tafadhali, soma stakabadhi, imeandikwa na mwenzenu. Hakuangalia chini. Pigo la pili darubini iliruka. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, mwambie aache," na mimi mikono yangu ilikuwa bado juu, kwa sababu mlinzi wenu alikuwa nyuma yangu na rungu. Pigo la tatu bomba lilipasuka kwa urefu, ikaonekana ndani ni jeupe, plastiki tupu ya bomba la maji. Alishaona. Watu wote walishaona. Je, aliomba radhi? Alicheka. Msichana akapiga magoti aokote vipande, naye akamwambia, "Wewe toto, usiguse ushahidi." Halafu akamwita mfagiaji, na huo aliouita ushahidi ukazolewa kwa ufagio, na darubini ya siku tisa ikaingia kwenye pipa pamoja na vikombe vya chai. Nilichorudishiwa ni kitako na nusu ya bomba.

Mpwa wangu hakuingia mashindanoni. Alivua deraya katika choo cha kituo cha mafuta akarudi nyumbani.

Nilipopiga simu Jumatatu, mhudumu aliniambia kwamba ofisi ya Nairobi imeripoti mzigo "ulifika ukiwa umeharibika". Nilishangaa mpaka nikakosa neno. Ofisi ile ina kamera mbili, moja iko juu ya kaunta hasa.

Kwa heshima, nilipoanza barua hii nilitaka mnirudishie nauli ya mzigo shilingi 850 na gharama ya vifaa shilingi 14,300, risiti ninazo. Nikiandika nimeona kwamba hiyo haitoshi. Nataka pia malipo ya kazi ya wiki saba, ambayo nayakadiria kuwa shilingi 40,000, na ni chini ya ninavyowatoza wateja wangu. Nataka msimamizi yule amwombe mpwa wangu radhi kwa maandishi, kwa jina lake msichana, si kwangu. Nataka taarifa ile ya uongo ifutwe kwenye kumbukumbu zenu. Na picha za kamera za Jumamosi, saa nne hadi saa tano, zihifadhiwe kuanzia leo. Zikipotea baada ya ninyi kupokea barua hii, nitajua zimepoteaje, na hakimu naye nitamwambia.

Nawapa siku 14. Siku ya 15 nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyowapa leseni ya kubeba vifurushi vya watu, na nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili. Fidia ya kuitwa mwenye bunduki mbele ya umma nitaidai kwa kesi ya pekee katika mahakama ya hakimu, na kiasi hicho hakitakuwa 40,000. Nusu ya bomba nimeifunga kwenye mfuko, sijaisafisha. Alama tatu za ukingo wa kaunta yenu ziko juu yake.

Mimi, mwenye mzigo,
Kongowea, Mombasa